Tulipata mkia tu

Picha zilikuwa tatu. Ya kwanza nyasi. Ya pili nyasi. Ya tatu nyasi tena, ila pembeni kabisa, upande wa kushoto, kilionekana kipande cha mkia chenye kishungi cheusi. Mwindaji bingwa wetu, yule anayemwongoza mgeni porini, aliikuza ile picha kwenye laptopu mpaka vikabaki vimraba vya rangi, akairudisha ilivyokuwa, kisha akanigeukia. "Kwa hiyo mgeni tumwambie tuna mkia?"

Mgeni mwenyewe alikuwa hema la pili, anakunywa chai. Alilipia siku 21 za kuwinda simba, na zilibaki 9.

Mzee wetu wa nyayo alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi. Hakuangalia picha. Alishapita kwenye lile korongo alfajiri, wakati mimi nahangaika kufungua kufuli la kamera. "Walikuwa watatu," alisema. "Majike wawili mbele, dume nyuma. Dume mzito, lakini bado kijana. Walikwenda wakarudi."

Watatu, mara mbili. Kamera ikatupa mkia mmoja.

Ilikuwa Agosti 2017, kwenye kitalu kimoja cha uwindaji wa kitalii magharibi ya Liwale, mkoani Lindi. Pori la Akiba la Selous lilikuwa bado zima. Miaka miwili baadaye likamegwa na sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako bunduki ya mgeni haiingii. Mimi nilikuwa kijana wa kambi niliyekabidhiwa kamera za kutegesha, yaani zile unazozifunga kwenye mti, unaondoka, zenyewe zinapiga picha mnyama akipita. Na ubaya ni kwamba kamera zile nilizichagua mimi mwenyewe.

Asiyejua kazi hii anaweza kudhani tulitaka picha za kujifurahisha. Hapana. Simba dume wa kuwindwa, kwa kanuni zetu, anatakiwa awe na umri wa miaka 6 au zaidi. Simba hatembei na cheti cha kuzaliwa. Manyoya ya shingo hayakusaidii sana huku kwetu, maana madume wengi wa Selous wana manyoya machache hata wakiwa watu wazima. Ukimhukumu kwa kichwa chake kilivyo utamwita kijana mtu mwenye wajukuu. Kinachosaidia ni sura kwa ujumla, makovu, mwili ulivyojaa, na zaidi pua. Simba kijana pua yake ni ya waridi. Kadiri anavyokua madoa meusi yanaongezeka mpaka yanaimeza. Kwa hiyo nilichotakiwa kuleta kambini kilikuwa pua. Nikaleta mkia.

Nilivyozinunua ni aibu, lakini nieleze. Bosi alinipa pesa na agizo fupi: zitoshe sehemu sita. Nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, nikaingia Kariakoo na akili ya mtu anayenunua simu. Kwenye maboksi nilisoma namba moja tu, megapikseli, yaani nukta za picha kwa mamilioni. Moja imeandikwa 12, nyingine 16, nyingine 30. Nikachukua za 30, sita, shilingi 150,000 kila moja, na memori kadi za GB 128 kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nikarudi kwa njia ya Nangurukuru, kilomita 230 za vumbi hadi Liwale, boksi nimelipakata mapajani kama mtoto.

Megapikseli 30 zile hazikuwepo. Ndani kuna jicho dogo la megapikseli chache tu, na programu ya kamera inajaza nafasi kati ya nukta na nukta kwa kukisia. Ni uji ulioongezwa maji: sufuria imejaa, unga ni uleule. Faili linakuwa kubwa, linakula kadi na betri, na picha yenyewe ukiikuza haina kitu. Tangu hapo nikiona boksi linatangaza namba kubwa sana mbele na halisemi popote ukubwa halisi wa jicho lake, nalirudisha kwenye kabati. Kamera ya megapikseli 5 za kweli inakuonyesha pua ya simba. Ya 30 za kuchora haikuonyeshi.

Kadi nazo zilikuwa na lao. Zimeandikwa GB 128, za kweli ndani hazikufika 8. Kilichobaki kimeghushiwa ili kompyuta iamini. Picha za mwanzo zinakaa vizuri. Zinazofuata zinaandikwa hewani: unaona majina ya mafaili yamejipanga, ukifungua, kijivu. Siku hizi kadi yoyote mpya naijaza video mpaka mwisho, kisha nafungua video za mwisho nione kama zinacheza. Inachukua jioni moja. Tena GB 32 halali inatosha kabisa kwa wiki kadhaa za picha, na naifuta ikiwa ndani ya kamera itakayoitumia, si kwenye laptopu.

Ule msimu kambi ilipofungwa nilirudi nyumbani Liwale mjini na kamera tatu zilizosalia. (Tatu nyingine nitazisema huko mbele.) Mwindaji bingwa, ambaye kwa kweli alinivumilia kuliko nilivyostahili, aliniazima na moja yake, ya bei ya kama mara tano ya zangu. Nikazifunga zote nne kwenye mwembe mmoja uani, juu kidogo ya goti, nikamwambia mwanangu amtembeze mbuzi.

Majirani walikuja kuangalia. Mama mmoja akauliza kama mbuzi anapigwa picha ya hati ya kusafiria.

Mbuzi akikatiza mbele ya mwembe, kutoka kushoto kwenda kulia, umbali wa hatua kumi, kamera zote nne zilishtuka. Akija moja kwa moja kuelekea kamera, zangu hazikumtambua mpaka amebakiza hatua tatu. Sikuelewa, mpaka nikajisomea kinachoendelea humo ndani. Kihisi cha kamera hizi hakioni picha. Kinahisi joto, na zaidi ya joto kinahisi tofauti ya joto inayohama kutoka kijisehemu kimoja cha mbele yake kwenda kingine. Anayekatiza anavuka vijisehemu vingi haraka. Anayekuja usoni anabaki ndani ya kilekile, anaongezeka ukubwa polepole tu, na kihisi hakimjali. Ndiyo maana sasa kamera siielekezi njia moja kwa moja wala siikatizi mraba. Naiweka mshazari, njia ipite mbele yake kwa kukingama nusu. Hapo mnyama anahisiwa mapema na bado anakaa ndani ya picha kwa hatua kadhaa.

Jambo la pili lililonipotezea simba lilikuwa uzito wa kuamka. Kamera hizi zimelala muda wote ili kutunza betri. Kihisi kikishtuka, mashine inaamka, inapima mwanga, inapiga. Nzuri inafanya hayo kwa theluthi ya sekunde au chini yake. Zangu, kwa saa ya simu na kelele za mwanangu, zilichukua zaidi ya sekunde moja. Unaweza kusema sekunde moja ni nini. Basi piga hesabu. Simba anayetembea bila haraka anakwenda kama mita moja na nusu kwa sekunde. Kamera uliyoifunga mita tatu kutoka njiani inaona upana wa mita mbili na nusu hivi. Ikichelewa sekunde moja na ushee, kichwa kimeshatoka upande wa pili.

Na baada ya kupiga, zilihitaji karibu dakika nzima kujiandaa kwa picha ya pili. Nilipoliona hilo pale uani, mbuzi ameshapita mara nne na kamera bado inameza picha ya kwanza, nikarudi mbio ndani kufungua laptopu. Zile picha mbili za nyasi za Agosti. Muda wake: moja wakati wa kwenda, moja wakati wa kurudi. Hazikuwa picha za nyasi. Walikuwa majike wale, kamera iliwahisi, ikaamka wameshapita. Na dume, aliyekuja nyuma, akaikuta bado inajiandaa, akaiachia mkia safari moja tu.

Kamera mbovu, niseme hapa hapa, haikuambii kwamba imekosa. Ingekuwa inazimika ungejua. Inakuletea nyasi na wewe unaandika kwenye daftari kwamba korongo lile halina kitu, unahamisha chambo, unampeleka mgeni upande mwingine wa kitalu, mnachoma dizeli siku mbili. Kambi nzima inaamini pengo.

Mchana wa Novemba, kabla mvua hazijashika, nilirudia jaribio saa nane. Safari hii hata ile ya bei kubwa ilimkosa mbuzi mara mbili. Ukuta ulikuwa wa moto, ardhi ya moto, mbuzi wa moto. Tofauti ya joto hakuna, kihisi kinaona kitu kimoja kilichotandazwa. Hakuna pesa ya kuondoa hilo lote. Unaweza kupandisha ukali wa kihisi mchana, unaweza kutafuta sehemu yenye kivuli kizito, kando ya maji chini ya miti ndiko kuzuri. Lakini atakayekwambia kamera yake haikosi ngiri wa saa nane mchana Oktoba huku kwetu, mwombe na yeye atembeze mbuzi.

Msimu wa 2018 tulianza na kamera mbili mpya tu, nzuri, na moja ya zamani kwa kulinganisha. Bosi alitaka nne za bei ya kati. Nilimwomba mbili, na nilijua nikikosea sitaombwa ushauri tena hata wa kununua sufuria.

Mtu aliyenifundisha kuzipima porini ni mzee wa nyayo, na alinifundisha kwa sababu alikuwa amechoshwa nazo. "Kijana," aliniambia, "mashine yako unaiuliza yenyewe kama inasema kweli. Muulize mwingine." Akakata tawi lenye majani, akafagia mchanga wa korongo mbele ya kamera, upana wa hatua tatu hivi, ukawa laini kama unga. Jioni tukaondoka. Asubuhi akausoma mchanga kabla sijafungua kamera: fisi mmoja kwenda, nungunungu, palahala watano au sita, chui kwa pembeni amekanyaga ukingo tu. Nikaandika. Kisha nikachomoa kadi.

Tulifanya hivyo kila siku kwa wiki nzima, kila kamera na mchanga wake. Zile mpya zilikosa pito moja moja, zaidi wanyama wadogo. Ya zamani haikufika hata nusu. Yule chui wa ukingoni hakumo kwenye kamera yoyote, na mzee alifurahi siku nzima. "Kamera husinzia," akawa anawaambia wapishi. "Nyayo hazisinzii." Msemo ukaota mizizi kambini, kila nikipita na begi la kamera kuna mtu anakoroma kwa makusudi.

Huo mchanga ndio ninaompa kila anayeniuliza kamera gani anunue, kabla ya jina la kampuni yoyote. Aina zinabadilika kila mwaka, na aina iliyokuwa nzuri mwaka juzi inarudi sokoni na jina lilelile na ndani imebanwa gharama. Nunua moja. Fagia. Soma. Ikifaulu wiki, ndiyo ukanunue mwenzake.

Kuhusu taa za usiku nilikuwa na ujinga wa aina yake. Nilidhani infraredi ni infraredi. Ziko mbili. Za nanomita 850 (ndicho kipimo cha wimbi la mwanga wake) zinawaka kijiwekundu hafifu ambacho jicho linakiona, na zinamulika mbali. Za 940 hazionekani, ila mwanga wake haufiki mbali na picha inakuwa na chengachenga. Simba hajali kijiwekundu. Nimeona picha ya jike amekikodolea macho dakika tano huku anatafuna. Chui ni habari nyingine. Tulikuwa na chui kwenye chambo cha swala, akatazama kamera mara moja, hakurudi usiku tatu. Ikawekwa ya 940 akarudi. Sidai kwamba chui wote wako hivyo, lakini tangu hapo chambo cha chui nakiwekea ya 940, nikiisogeza karibu kufidia mwanga.

Binadamu naye anaona kijiwekundu. Kati ya zile kamera tatu za mwanzo zilizopotea, moja iliondoka na mkanda wake kutoka kwenye kidimbwi, mti umeachwa msafi. Aliyeichukua alikuja usiku, ndiyo maana najua aliona nini. Sasa zote ziko kwenye boksi la chuma na mnyororo, na boksi limepakwa matope na magome.

Ya pili aliichukua tembo. Hakuiba, aliitoa tu mtini kama unavyotoa kibanzi kwenye meno, akaikanyaga. Picha yake ya mwisho ni nywele za mkonga kwa karibu sana. Ya tatu walihamia sisimizi. Waliingia kwa kitundu cha waya wa umeme wa nje ambacho kifuniko chake cha mpira nilikipoteza, wakataga, wakajaza udongo, na unyevu ukamalizia. Kwa hiyo nikishika kamera mpya dukani, kitu cha kwanza nafungua mlango wake na kupitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia. Ukiwa mwembamba au una kona isiyokaa, naachana nayo hata kama inapiga picha za harusi. Ndani naweka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na nje kwenye mkanda napaka grisi kidogo kuzuia wadudu kupanda.

Betri zisikuchukulie muda, ila usizidharau. Zile betri za bei rahisi za redio zinazouzwa kila duka la Liwale ziliniisha kwa siku nne. Taa ya usiku inavuta umeme mwingi kwa mpigo, na betri hizo haziwezi. Za alkali zinajitahidi lakini nguvu inashuka taratibu, na kamera inaanza kupiga mchana tu, usiku giza. Za lithiamu ni bora, zinashikilia nguvu karibu mpaka mwisho, ila mpaka uagize Dar. Tulichoishia nacho ni za kuchaji, za NiMH, tunazichaji kambini kwa sola. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, na kamera nyingine inazikataa kwa kudhani zimeisha, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Usichanganye mpya na kuukuu. Weka na video pembeni kama hauihitaji. Sekunde 30 za fisi anayejikuna zinakula betri ya usiku mzima.

Saa ya kamera imenitesa kuliko nilivyotarajia. Kwanza, ukiacha kamera bila betri muda mrefu, nyingine zinarudi Januari 1 ya mwaka zilipotengenezwa na zinaendelea kwa utulivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Pili, nyingi zinaandika mwezi kabla ya siku, Kimarekani, hivyo 07/08 inaweza kuwa tarehe saba Agosti kwako na tarehe nane Julai kwake. Tatu, kambini tunahesabu saa zetu. Kamera ikiandika 01:30, mimi nasoma saa saba na nusu usiku, mgeni anasoma yake, na mpishi aliyeambiwa simba huja "saa moja na nusu" anagoma kwenda kuchota maji jioni. Nikifunga kamera yoyote, picha ya kwanza ni ya mkono wangu umeshika simu inayoonyesha saa na tarehe. Ikikosea baadaye, najua pa kuanzia kusahihisha.

Za kutuma picha kwa mtandao sitazisema sana. Ndani ya kitalu hakuna minara, mjadala umeishia hapo. Pembezoni mwa vijiji zinafanya kazi, ila hakikisha inakubali masafa ya mitandao yetu. Nyingi zinazouzwa Marekani zimefungwa kwa makampuni ya kule, ukiifikisha huku inabaki kuwa boksi la rangi ya majani. Na laini yake unaisajili kwa alama yako ya kidole kama ya simu, kwa hiyo kamera ikitumika vibaya mwenye kidole ni wewe.

Na kamera zinaona watu. Hili hakuna aliyenionya. Ndani ya hifadhi huingii na kamera kwa kujiamulia, kibali kipo na wanaojua mlipofunga wapo. Lakini mpakani, kwenye ardhi ya kijiji, niliwahi kufungua kadi nikakuta wanaume watatu na baiskeli, madumu ya asali yamefungwa nyuma. Wawili siwajui. Wa tatu ni shemeji yangu. Asali ni kazi ya halali na ya babu zao, ila njia waliyopita ilitokea upande ambao hawakutakiwa kuwa. Nilikaa na ile picha siku mbili. Mwishowe nilimwendea yeye mwenyewe, si mtu mwingine, nikamwonyesha. Hakusema kitu, alinikaribisha chakula. Baadaye nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukakubaliana kamera za upande ule zitangazwe kwenye mkutano, zisifungwe njia za maji wanakooga kina mama, na picha ya mtu asiyehusika ifutwe. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nadhani tulikuwa tumeikaribia bila kuijua.

Simba yule tulimpata, kwa namna. Julai 2018, kamera mbili kwenye chambo kimoja, mguu wa nyati umefungwa juu ya mti kwa mnyororo: moja pembeni ya njia ya kufikia, moja ikitazama kusini ili jua la msimu lisiingie machoni. Siku ya tatu alikuja saa moja na robo asubuhi, mwanga umeshatosha picha ya rangi. Akainua kichwa. Pua ya waridi, madoa meusi machache kama pilipili manga kwenye wali. Mwindaji bingwa alihesabu miaka minne, labda na nusu. Mzee akauliza unyayo wake, nikamwonyesha, akasema ni yuleyule wa korongoni. Mgeni wa mwaka ule aliondoka bila simba na akaomba apewe nakala ya picha.

Mzee alistaafu baada ya hapo, akarudi kwenye ufuta wake. Miaka miwili iliyopita alinijia nyumbani, akaniamkia kwa utani "shikamoo fundi kamera", akaniomba moja. Shamba lake liko mbali na kijiji na nguruwe pori walikuwa wanalimaliza. Nguruwe peke yao si kitu cha kuogopa sana. Lakini kwetu nguruwe wakizoea shamba, simba huwafuata, na anayelala shambani kuwalinda ndiye anayekutwa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mzee hakuhitaji utafiti, ana majina. Alitaka kujua kinachopita usiku ni nguruwe tu, au kuna anayewafuata.

Nikampa moja ya 940, nikamwonyesha namna ya kufunga. Aliifunga mwenyewe, mshazari wa njia, kimo sawasawa, karibu na dungu analolalia. Akafagia na mchanga. Wiki ya pili tulifungua kadi pamoja, tumekaa kwenye mkeka, chai ya tangawizi pembeni. Nguruwe. Nguruwe. Nungunungu. Nguruwe na watoto. Simba hakuna, akashusha pumzi.

Kisha ikaja ya 03:12. Nguruwe watatu wakubwa wamesimama katikati ya ufuta, wanakula bila wasiwasi. Juu yao, upande wa kulia wa picha, mguu mmoja wa binadamu umening'inia nje ya dungu, umelegea kabisa, na katambuga imeshikwa na kidole gumba tu.

Mzee aliitazama muda mrefu.

"Hizi kamera," akasema, "si ulisema saa zake huwa zinakosea? Huenda hiyo ni asubuhi."

"Picha nyeusi na nyeupe hiyo, mzee. Mchana zinatoka za rangi."

Akanywa chai. Akaniomba niifute, nikamwambia nimeifuta.